Ubao wa Akiba: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Duka Anayeuza Bidhaa Muhimu

Mteja anaingia dukani na pesa mkononi, anaulizia sukari, anajibiwa "imeisha", na kumbe magunia yamepangwa chumba cha nyuma yakisubiri bei ipande. Sheria ya ubao wa akiba iliwekwa kwa ajili ya mteja huyo. Ubao unatundikwa mahali pa wazi ukieleza bidhaa ipi muhimu ipo, ipo kiasi gani na inauzwa bei gani, ili mtu ajue kabla hata ya kuuliza. Pale amri ya namna hii inapotumika, kutoutundika ni kosa, na kuandika juu yake kisicho kweli ni kosa vilevile.

Nimewahi kukaa meza moja na wenye maduka waliokuwa wakijibu hoja za wakaguzi. Niliowaona wamebanwa hawakuwa walanguzi. Walikuwa watu waaminifu ambao ubao wao ulisema hili, daftari likasema lile, na stoo ikawa na hesabu yake ya tatu. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitarudi mara kwa mara kwenye jambo moja: ubao, daftari na stoo vinatakiwa viseme neno moja, kila siku, kabla mkaguzi hajafika.

Hatua ya 1: Ipate amri yenyewe uisome

Sheria za bidhaa muhimu huwa na tabaka mbili. Juu ipo sheria mama, iliyopitishwa na bunge, inayoipa serikali uwezo wa kutangaza bidhaa fulani kuwa muhimu na kuweka masharti ya kuiuza. Chini yake zipo amri zinazochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na humo ndimo wajibu wako wa kila siku ulimoandikwa.

India ni mfano mzuri. Sheria yao ya Bidhaa Muhimu ni ya 1955. Kifungu cha 3 kinaipa serikali kuu uwezo wa kutoa amri, na kifungu cha 5 kinaruhusu uwezo huo ukasimiwe kwa serikali za majimbo. Ndiyo maana majimbo kadhaa yana amri zao za kuonyesha akiba na bei, na mwenye duka wa jimbo moja hawezi kuiga ubao wa jimbo la jirani akadhani amemaliza. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Bei ya Bidhaa Muhimu ya 2011, ambayo inamwachia waziri kutangaza bidhaa kuwa muhimu na kuiwekea bei ya juu kabisa. Pakistan ina sheria ya 1977 ya kudhibiti bei na kuzuia ulanguzi na kuhodhi bidhaa. Malaysia inayo ya 1961 ya kudhibiti ugavi, na nyingine ya 2011 ya kudhibiti bei na faida ya kupindukia.

Kutokana na mpangilio huo, kuwepo kwa sheria mama hakumaanishi kwamba amri ipo. Sheria inaweza kukaa miaka bila amri yoyote chini yake, halafu ikatoka moja usiku wa kuamkia Jumamosi. Mnamo Machi 13, 2020, India iliingiza barakoa na vitakasa mikono kwenye bidhaa muhimu hadi Juni 30 mwaka huo. Maduka ambayo jana yake yalikuwa yakiuza barakoa kama kitu cha kawaida yaliamkia kwenye sheria nyingine kabisa.

Ukishaipata amri, isome ukiwa na kalamu. Tia alama kwenye bidhaa zilizotajwa, aina ya wafanyabiashara wanaohusika (wa jumla, wa rejareja au wote), kiasi ambacho ukikizidi ndipo wajibu unakuangukia, yale yanayotakiwa kuandikwa ubaoni, lugha ya kuandikia, mahali pa kuutundika, vitabu vya kuweka, na tarehe ya mwisho ya amri. Kama kuna fomu imeambatishwa mwishoni, itumie hiyo hiyo kama ilivyo. Usiibuni yako hata kama yako ni nzuri zaidi.

Nakala ya amri ikae dukani. Siyo nyumbani.

Hatua ya 2: Linganisha orodha na rafu zako

Neno "muhimu" huwapoteza wengi. Kisheria, bidhaa muhimu ni ile tu iliyotajwa kwenye orodha. Sabuni inaweza kuwa muhimu sana kwako na kwangu, lakini kama haimo orodhani, ubao hauihusu. Na kinyume chake, orodha inaweza kuwa na vitu ambavyo hukuvitegemea. Orodha ya sheria ya India ina dawa, mbolea, vyakula pamoja na mafuta ya kula na mbegu zake, mafuta ya petroli, mbegu za kupanda, na hata juti ghafi na vitambaa vyake.

Chukua karatasi, zunguka dukani na stoo, andika kila kitu kinachoangukia kwenye orodha. Hapa kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni daraja: kama amri inatofautisha daraja la kwanza na la pili, kila daraja ni mstari wake ubaoni. Wa pili ni ufungashaji. Bidhaa ya kupima kwa kilo na ile iliyokuja kwenye pakiti huenda zikaandikwa tofauti. Wa tatu ni bidhaa iliyokobolewa, kusagwa au kukamuliwa. Amri ikitaja nafaka, soma kama imeutaja na unga, kwa sababu amri nyingine huvitenganisha na nyingine huvijumuisha.

Hatua ya 3: Jua akiba yako ni ipi hasa

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko kote, kwa hiyo tukae kidogo.

Wenye maduka wengi wakisikia "akiba" (au stoki, kama tulivyozoea kusema) hufikiria kilichopo mbele ya macho ya mteja. Sheria haitazami hivyo. Inatazama chote ulicho nacho chini ya mamlaka yako: rafuni, chini ya kaunta, stoo ya nyuma, ghala la kukodi mtaa wa pili, na chumba cha nyumbani unakolaza mizigo mvua ikinyesha. Ukiweka magunia kwa shemeji yako, bado ni akiba yako, na kutoyaandika ndiko kunakoitwa kuficha.

Mali kauli nayo huleta mkanganyiko. Mzigo uliopewa na mwenye mali ili uuuze kisha umlipe siyo wako kwa maana ya umiliki, lakini uko mikononi mwako na wewe ndiye unayeuza. Uandike, na pembeni kwenye daftari uonyeshe ni wa nani. Vivyo hivyo mzigo uliokwisha kuuzwa na mteja akalipia lakini hajauchukua: utenge, ubandike karatasi yenye jina na namba ya risiti, na uutaje kwenye daftari. Mkaguzi akikuta magunia kumi yasiyo na maelezo, "hayo ni ya mtu" ni jibu dhaifu, hata likiwa la kweli tupu.

Mzigo ulioko njiani una kanuni yake. Kwa kawaida huingia kwenye hesabu unapoupokea na kusaini hati ya kupokelea, siyo unapoulipia. Lori likishusha saa mbili usiku, umeupokea saa mbili usiku.

Baada ya hapo angalia kama amri imeweka kikomo cha akiba. Mnamo Juni 2023 India iliweka kikomo cha ngano: tani 3,000 kwa mfanyabiashara wa jumla na tani 10 kwa kila duka la rejareja, na waliokuwa na zaidi wakapewa siku 30 kujishusha. Ufilipino wamechukua njia nyingine. Sheria yao ya Bei ya 1992 inampima kila mtu kwa historia yake mwenyewe: ukiwa na akiba inayozidi kwa asilimia 50 kiasi chako cha kawaida, na ukawa unakataa au unabana kuuza bila sababu ya maana, unahesabiwa kuwa unahodhi mpaka uthibitishe vinginevyo. Kiasi hicho cha kawaida hupatikana kwa kurudi nyuma miezi mitatu. Fikiria maana yake kwa mtu asiye na daftari: hana njia ya kuonyesha kwamba magunia mengi ndiyo kawaida yake. Marekani nayo, katika Sheria ya Uzalishaji kwa Ulinzi ya 1950, inakataza kulimbikiza bidhaa zilizotangazwa kuwa adimu kupita mahitaji ya kawaida ya biashara au matumizi ya nyumbani, au kwa lengo la kuziuza kwa bei iliyo juu ya ile ya soko. Kifungu hicho kiliamshwa Machi 2020, wakati wa janga la korona.

Hatua ya 4: Andika ubao

Ubao wenyewe ni kitu rahisi. Bati lililopakwa rangi nyeusi na chaki linatosha, na ubao mweupe wa kalamu ya wino unatosha pia. Karatasi iliyobandikwa kwa gundi haifai, kwa sababu itakuwa inabadilishwa kila siku mpaka ichanike. Utundike karibu na mlango au juu ya kaunta, mahali ambapo mteja aliyesimama anausoma bila kuinama wala kuomba ruhusa. Usiufunike kwa bidhaa zinazoning'inia. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka na mtu mwenye macho ya uzee.

Safu za kuweka, kama amri haikukupa fomu, ni hizi:

- jina la bidhaa na daraja lake
- kipimo (kilo, lita, pakiti ya uzito fulani)
- akiba ya kufungulia siku
- bei ya kipimo kimoja
- tarehe ya leo

Juu kabisa andika jina la duka na namba ya leseni.

"Akiba ya kufungulia siku" ni kile ulichonacho asubuhi kabla ya mauzo ya kwanza. Amri nyingi zinataka hicho tu, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kufuta na kuandika kila anapouza nusu kilo. Ukipokea mzigo mchana, hata pale amri iliponyamaza, ongeza mstari mdogo chini: "Zimeingia saa 7 mchana: kilo 500." Mkaguzi akikuta stoo imejaa kuliko ubao unavyosema, mstari huo unamjibu kabla hujafungua kinywa.

Bidhaa ikiisha usifute jina lake. Acha mstari wake, na kwenye safu ya akiba andika "Hakuna". Jina likifutwa, mteja hawezi kujua kama bidhaa imeisha au imefichwa, na wewe umejinyima ushahidi kwamba uliitangaza kuwa imekwisha.

Kuhusu bei, nchi hutofautiana. Panapokuwa na bei kikomo iliyotangazwa, unayoandika isiivuke, na ukiuza chini yake andika ile unayouza kweli. Tanzania mfumo huu unaonekana kwenye vituo vya mafuta: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na vituo vinatakiwa kuziweka kwenye mabango yanayoonekana wazi. Malaysia, msimu wa sikukuu, bidhaa zilizowekewa bei ya serikali huwekewa kibandiko cha waridi ili mnunuzi azitambue mara moja. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 1998, unataka ionyeshwe bei ya bidhaa pamoja na bei ya kipimo kimoja, yaani kilo au lita, ili pakiti ndogo isimdanganye mtu. Huko Afrika Kusini, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2008 inasema mteja asilipishwe zaidi ya bei iliyoonyeshwa, na zikionekana bei mbili kwa bidhaa moja, analipa ile ya chini. Jifunze kutokana na hilo: ubao, kibandiko cha rafuni na mashine ya risiti vyote vibadilishwe asubuhi moja. Kibandiko kimoja cha zamani kilichosahaulika ni kesi.

Hatua ya 5: Daftari na karatasi zake

Ubao hufutwa jioni, daftari hubaki. Kila bidhaa iliyo orodhani ipewe kurasa zake, na kila siku mstari mmoja: akiba ya kufungulia, zilizoingia, jumla, zilizouzwa, zilizoharibika, akiba ya kufungia, na sahihi. Akiba ya kufungia ya leo ndiyo akiba ya kufungulia ya kesho. Hizo namba mbili zikitofautiana hata siku moja, pana shimo linalohitaji maelezo.

Tuchukue mfano wa sukari. Asubuhi una magunia 18 ya kilo 50, yaani kilo 900. Mchana yanaingia 10, kilo 500, jumla kilo 1,400. Unauza magunia mazima 4, kilo 200, na rejareja unapima kilo 63. Kilo 1 inamwagika. Akiba ya kufungia: 1,400 ukitoa 264, zinabaki kilo 1,136. Sasa nenda stoo. Unatakiwa ukute magunia mazima 22, kilo 1,100, na gunia lililofunguliwa lenye kilo 36. Ukiyakuta hayo, daftari na stoo vimekubaliana, na kesho asubuhi ubao utaandikwa kilo 1,136. Ukikuta gunia la wazi lina kilo 31, usilazimishe hesabu ikae sawa. Andika upungufu wa kilo 5, andika sababu unayoijua, tia sahihi. Daftari lenye upungufu mdogo wa hapa na pale ulioelezwa linaaminika kuliko lile ambalo miezi sita halijawahi kukosea hata gramu.

Nyuma ya kila namba iwepo karatasi. Zilizoingia zina ankara ya muuzaji wa jumla na hati ya kupokelea. Zilizouzwa zina nakala za risiti. Zilizoharibika zina maelezo mafupi, na kama ni nyingi, picha yenye tarehe. Ankara isiyo na jina la muuzaji wala tarehe usiipokee, hata kama bei ni nafuu. Mzigo usio na asili ukishakuwa stoo kwako, ni wewe utakayeulizwa ulikotoka.

Mtu anayeandika kwa kompyuta au simu yuko salama ilimradi aweze kuonyesha na kuchapisha kumbukumbu papo hapo. Umeme ukikatika siku ya ukaguzi haitakuwa udhuru. Mimi napendekeza daftari la karatasi liwepo pia, lenye kurasa zilizopigwa namba, bila ukurasa uliochanwa. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani ikisomeka, na pembeni sahihi. Wino mweupe wa kufutia usitumike kabisa.

Amri nyingine hutaka pia taarifa za mara kwa mara. Ile ya ngano ya India iliwataka wahusika watangaze akiba yao kwenye tovuti ya serikali. Weka siku ya kupeleka taarifa ukutani, na hifadhi uthibitisho wa kupokelewa.

Hatua ya 6: Mizani

Kama mizani yako inakosea, kila kilo uliyoiandika imekosea. Hakikisha ina muhuri wa wakala wa vipimo wa mwaka husika, iko juu ya meza isiyoyumba, na uso wake unamtazama mteja. Gunia lililoandikwa kilo 50 lipime unapolipokea. Likiwa na 48, liandike 48 kwenye hati ya kupokelea mbele ya dereva, maana kilo hizo mbili zisipoandikwa siku hiyo zitakuja kuonekana umeziuza bila risiti.

Hatua ya 7: Kilichoandikwa kinauzwa

Ubao unaposema kilo 1,136 zipo, umemwahidi kila anayepita. Mtu akileta pesa kwa bei iliyoandikwa, huwezi kumkatalia kwa sababu unamtunzia mteja mkubwa, au kwa sababu si mtu wa kwenu, au kwa sababu unahisi kesho bei itapanda. Kukataa huku bidhaa ipo ndiko sheria nyingi zinakokuita kuhodhi, hata kama kiasi ulichonacho ni kidogo.

Kumlazimisha mteja anunue kitu kingine ndipo auziwe anachotaka, kwa mfano dawa ya meno iliyododa pamoja na sukari, ni tabia chafu. Huwaumiza zaidi wenye pesa ya kuhesabu. Sheria za ushindani na za kumlinda mlaji katika nchi nyingi zinaikataza. Iache kabisa.

Kugawa kwa kiasi ni jambo tofauti, na wakati wa uhaba ni jambo jema. Unaweza kusema kila mteja kilo mbili ili wengi wapate, pale ambapo amri haizuii. Masharti ni kwamba kikomo kiandikwe ubaoni, kiwe kimoja kwa wote, na wewe mwenyewe usikivunje kwa jamaa zako. Anayeuza jumla ajihadhari na mnunuzi mmoja anayebeba yote: risiti iandikwe jina na anwani yake, kwa sababu mzigo ukikamatwa kwenye magendo, njia ya kurudi itapitia kwako.

Hatua ya 8: Wafundishe wauzaji wako wa dukani

Ubao ukiandikwa uongo na kijana wa dukani, anayetafutwa ni mwenye leseni. Kwenye kampuni, sheria ya India, kifungu cha 10, inamfuata yule aliyekuwa akisimamia biashara wakati wa kosa, isipokuwa athibitishe kwamba hakujua au kwamba alichukua tahadhari zote. Tahadhari hiyo ionekane: mteue mtu mmoja wa kuandika ubao kila asubuhi, mwandikie maelekezo, na mara moja kwa wiki hesabu wewe mwenyewe bila kumwambia siku.

Wafundishe pia kutosema "imeisha" kwa uvivu wa kwenda stoo. Ukiwa na ubao unaosema ipo, neno hilo moja linageuka ushahidi dhidi yako.

Hatua ya 9: Mkaguzi akifika

Mkaribishe. Omba kitambulisho na hati ya kumruhusu kukagua, kwa upole, na uandike jina, cheo na saa aliyoingia. Hiyo ni haki yako na mkaguzi wa kweli hakasiriki. Kisha mpe vitu vitatu kwa mpangilio: nakala ya amri uliyonayo, daftari, na faili la ankara.

Anapohesabu, hesabu naye. Usimwachie stoo ukaendelea kuuza, na ikiwezekana simamisha mauzo ya bidhaa hiyo kwa muda huo, ukiandika saa ya kusimamisha na ya kuendelea. Mauzo ya asubuhi ambayo hayajaingia daftarini mwonyeshe kwenye nakala za risiti. Ukubali naye kwanza mambo madogo: gunia tupu lina uzito gani, lile la wazi litapimwa vipi, na mzigo uliotengewa mteja unahesabiwa wapi.

Akiandika ripoti, isome yote kabla ya kusaini. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Kama hukubaliani na namba, andika kwa mkono wako "sikubaliani na kipengele hiki kwa sababu…" kisha saini chini ya maneno hayo. Dai nakala. Bidhaa zikichukuliwa, dai hati inayoonyesha aina, kiasi, hali yake na zinakopelekwa.

Ukiombwa "chai" ili mambo yaishe, usitoe. Ukitoa unakuwa umeongeza kosa la jinai juu ya tofauti ya kilo tano iliyokuwa na maelezo. Nenda kwenye chombo cha kupambana na rushwa ukiwa na jina, cheo na saa ulivyoandika mwanzoni.

Hatua ya 10: Ukipewa notisi

Notisi ina siku za kujibu, na siku hizo huanza kuhesabiwa unapoipokea. Iandike tarehe hiyo juu yake. Bidhaa kukamatwa na bidhaa kutaifishwa ni mambo mawili tofauti, na kati yake ipo nafasi yako ya kusikilizwa. Nchini India, kwa mfano, kifungu cha 6B kinakataza kutaifisha kabla mwenye mali hajapewa notisi ya maandishi na nafasi ya kujitetea. Tafuta mwanasheria mapema, kwa kuwa katika sheria za aina hii mzigo wa kuthibitisha mara nyingi humwangukia mshtakiwa: kwenye sheria hiyo hiyo ya India, ukishtakiwa kwa kukosa leseni au kibali, ni wewe unayetakiwa kuonyesha kwamba unacho.

Jibu lako lifuate hoja moja moja. Chukua namba ya mkaguzi, weka ya kwako pembeni, eleza tofauti, ambatisha karatasi. Kama bidhaa iliyokamatwa inaharibika haraka, omba kwa maandishi iuzwe chini ya usimamizi wa mamlaka na pesa zihifadhiwe mpaka uamuzi utoke. Kama kweli ulikosea, kwa mfano ubao haukubadilishwa siku mbili, kiri hivyo na uonyeshe ulichorekebisha. Niliwahi kuona jibu la kurasa tisa lililokana kila kitu likifika mbele ya afisa mwenye picha ya ubao. Ukurasa mmoja wa kweli ungemsaidia mwenye duka yule zaidi.

Amri ikifikia mwisho

Siku ya mwisho ya amri funga hesabu: hesabu stoo, andika akiba ya kufungia, piga mstari, tia sahihi na tarehe. Ubao unaweza kuushusha, isipokuwa sehemu ya bei, ambayo mara nyingi inadaiwa na sheria nyingine za kawaida. Daftari, ankara na nakala za risiti zifunge pamoja, andika juu yake namba ya amri na kipindi chake, uzihifadhi kwa miaka ileile ambayo mamlaka ya kodi inakutaka uhifadhi vitabu. Kesi ya kosa lililotendwa amri ikiwa hai inaweza kufunguliwa baada ya amri kufa. Na kama amri imeongezewa muda, toleo jipya lisome kana kwamba hujawahi kuona la kwanza, kuanzia orodha ya bidhaa hadi kikomo cha akiba, kisha rudi hatua ya pili.